Mistari Minane

Mwalimu alimaliza ukurasa wa nne Jumapili saa kumi jioni, akaupuliza wino kana kwamba anapuliza chai ya moto, kisha akawaita mkewe na mama yake waje sebuleni wasikilize. Barua ilikuwa ya mkewe. Mkono ulioungua ulikuwa wa mkewe, na kazi iliyokuwa inaning'inia ilikuwa ya mkewe. Lakini Kiingereza kilikuwa cha Mwalimu, na katika nyumba ile Kiingereza kilikuwa na kiti chake.

Alisoma amesimama. Alikuwa amefundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili, na mtaa mzima ulimwita Kamusi, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza. Watu walimletea barua za kuomba kazi, za kuomba nafasi ya shule, hata ya kumwomba jirani afunge mbwa wake, naye hakuwahi kumwandikia mtu chini ya kurasa mbili. Neno fupi kwake lilikuwa kama mgeni aliyekuja mikono mitupu. Hakulifukuza, lakini hakulikaribisha kiti cha mbele.

Mkewe alikuwa dobi. Si dobi wa beseni na kamba, bali wa kiwanda kinachofua shuka za hoteli na hospitali, chumba kirefu chenye mashine za mvuke pande zote mbili na joto la kumtoa mtu jasho hadi kisigino. Wiki mbili zilizopita bomba la mashine ya pasi namba mbili lilipasuka, mvuke ukamchoma mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Bandeji haijabadilishwa mara ya tatu, akaletewa barua. Ilisema amefungua mashine kabla ya mvuke kuisha, kwa uzembe wake. Ajieleze kwa maandishi, kwa Kiingereza, ndani ya siku saba. Asipojieleza wakaridhika, kazi hana, na matibabu ya mkono ni juu yake mwenyewe.

"Soma tena pale mwanzo," alisema mama mkwe, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini sauti ya mwanawe akikisoma ilimgusa palepale ilipomgusa miaka yote.

Mwalimu akasoma tena pale mwanzo.

"Panasemaje?" aliuliza Dobi.

"Panaomba radhi. Awali ya yote unapiga magoti mbele ya uongozi na kuomba msamaha kwa usumbufu mkubwa ulioisababishia kampuni."

"Mimi nimewasumbua nini?"

"Hujawasumbua kitu. Ni adabu tu. Ukienda kwa mtu si unaanza na samahani?"

"Mtu haingii kwa wakubwa kifua mbele," alidakia mama mkwe. "Unaanza kwa kujishusha, halafu ndiyo unasema shida yako."

Dobi aliutazama mkono wake uliofungwa. "Na lebo umeitaja?"

"Ukurasa wa tatu."

"Mbona mbali hivyo?"

"Lazima kwanza uwaandae," alisema Mwalimu kwa upole, kama anavyomwambia mtoto wa darasa la nne. Akampa kalamu. Dobi akaweka saini mahali alipoonyeshwa, kwa mkono uliobaki.

* * *

Habari ya lebo lazima ielezwe hapa, maana bila hiyo huyu mama ataonekana mlalamishi tu.

Katika kiwanda kile kila furushi linaloingia linafunguliwa na dobi, linakaguliwa, na kuandikiwa kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa vidole vitatu. Hicho ndicho lebo. Dobi anaandika kwa Kiingereza, kwa sababu wateja wengi ni wa lugha hiyo: damu, kutu, wino, imechanika, tundu mbili, kola imeungua. Mwishoni, kama kasoro ilikuja na furushi, anaandika neno moja: kabla. Maana yake imeharibika kabla haijafika mikononi mwangu. Usipoliandika, shuka ikirudi imechanika, imechanwa na wewe na utailipa. Kila lebo ina kishina kinachobaki kitabuni, na msimamizi hukisaini kishina kuthibitisha. Kitabu hakilali kiwandani. Kila dobi anarudi nacho kwake, maana ndicho kinga yake, na mwenye akili haachi kinga yake kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo Dobi, ambaye hangeweza kumsalimia mzungu sentensi mbili bila kukwama, alikuwa ameandika Kiingereza kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja. Alijua maneno kama sitini. Aliyajua kama anavyojua vyombo vya jikoni kwake, kila kimoja kazi yake na mahali pake.

Alipoona bomba la mashine namba mbili linatoa mvuke pembeni, alimwendea msimamizi. Msimamizi alikuwa na haraka, kama kawaida ya watu wasiopenda kusikia. "Usiniletee maneno ya mdomo," alisema. "Hapa kila kitu lebo." Basi Dobi akaandika lebo, akaifunga kwa pini kwenye mpini wa mashine kama vile mashine ni shuka. Mashine namba mbili. Bomba lina tundu. Mvuke unatoka. Kabla. Jioni alipeleka kitabu, msimamizi akasaini vishina vya siku nzima, vile sitini na kitu, akizungumza kwenye simu. Asubuhi lebo haikuwapo, na mashine ikawashwa, ikanguruma. Siku ya tatu bomba likapasuka.

Hayo yote yalikuwa ukurasa wa tatu, katikati, baada ya aya iliyoeleza umuhimu wa usafi katika maendeleo ya binadamu.

* * *

Ofisi ya afisa utumishi ilikuwa na feni, viti viwili vya wageni, na kiti cha tatu kilichovunjika mguu ambacho ndicho alichoonyeshwa Dobi. Alikaa ukingoni, ameegemeza uzito kwenye mguu wa kulia ili kiti kisimtie aibu. Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kimojawapo cha vile vizima.

Afisa alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alifungua barua ya Mwalimu, akasoma, na Dobi akayafuata macho yake. Yalishuka mistari mitano hivi. Kisha yakasimama. Akafungua ukurasa wa pili, akautazama kama mtu anayetazama foleni ya benki, akazirudisha karatasi zote pamoja na kuzigonga mezani zikalingana.

"Vizuri," alisema. "Angalau umekuwa mkweli."

"Mkweli kivipi, mwanangu?"

"Umekiri. Hapa, mstari wa kwanza. Unaomba msamaha kwa usumbufu uliousababisha." Alichukua moja ya zile kalamu mbili akapigia mstari. "Huyu ni wewe, si ndiyo? Saini yako hii."

"Ile ni adabu tu. Kuna kishina, ninacho hapa kwenye mkoba. Kimesainiwa..."

"Mama, maelezo yako tuliyataka kwa maandishi na umeyatoa kwa maandishi. Hatuwezi tena kuanza ya mdomo."

Msimamizi alikuwa akitazama feni. Dobi alimtazama yeye. Miaka kumi na moja wamekula chakula cha mchana kwenye benchi moja, na leo shingo ya mtu huyu imekuwa ngumu kugeuka.

"Soma ukurasa wa tatu," alisema Dobi.

"Mama."

"Nakuomba usome ukurasa wa tatu tu."

Afisa alitabasamu, tabasamu la kumhurumia mtu. Akafungua droo, akatoa fomu. Alisema sheria inampa haki ya rufaa mara moja. Kuna meneja anakuja kutoka makao makuu Alhamisi. Ajaze fomu hii, maelezo yaandikwe ndani ya kisanduku, kwa Kiingereza. Aweza kuja na mtu mmoja wa kumsindikiza. "Na mwambie aliyekuandikia," aliongeza, "kitakachotoka nje ya kisanduku hakisomwi."

Dobi aliitazama fomu. Kisanduku kilikuwa na mistari minane. Alipoinuka, kiti kilianguka nyuma yake, na hakuna aliyekiinua.

* * *

"Haiwezekani," alisema Mwalimu. "Mtu aliyesoma hawezi kusoma vile. Lile ni fungu la adabu. Kila mtu anajua ni fungu la adabu."

"Yeye hajui."

"Basi hana adabu."

"Inawezekana," alisema Dobi. "Lakini kalamu anayo yeye."

Walikuwa jikoni. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga na kujifanya hasikilizi, kazi iliyomshinda siku zote. "Mimi nimezaliwa nakuta watu wanaomba radhi ndipo wanasema," alisema. "Ukipita mbele ya watu, samahani. Ukimwamsha mtu, samahani. Leo mnaniambia samahani ni kosa?"

"Kwetu si kosa, mama. Kule waliisoma kama risiti," alisema Dobi.

Mwalimu alikuwa amekunja uso kwa namna ambayo mkewe aliijua. Hakuwa na hasira naye, alikuwa anaumia. Tangu wafunge ndoa hakuna kitu alichompa mkewe kwa moyo mmoja kama zile kurasa nne. Mshahara ulikuwa mdogo na nyumba ilikuwa ya kupanga, lakini Kiingereza chake kilikuwa kizima. Sasa alikuwa ametoa kitu chake kizuri kuliko vyote na kimemchoma mkewe mara ya pili.

"Nitaandika upya," alisema. "Mistari minane. Nitabana herufi."

"Hapana. Tutaandika wote."

"Wewe Kiingereza..."

"Ninacho cha lebo."

Mama mkwe akacheka kidogo, halafu akaona mkwewe hacheki, akarudi kwenye mboga.

* * *

Jumatano Mwalimu hakwenda shule. Walikaa mezani asubuhi, yeye na kalamu, mkewe na kitabu cha lebo kimefunguliwa kwenye kishina kile. Mwalimu alikuwa amejaribu mwenyewe alfajiri, na jaribio lake lilikuwa na mistari ishirini na sita. Dobi akalitaka lisomwe mstari kwa mstari, kwa Kiswahili.

"Katika kipindi cha wakati ambapo mashine hiyo ilikuwa katika hali ya kutumika..."

"Maana yake mashine ilipokuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Sasa hayo mengine yanafanya kazi gani?"

Mwalimu alifikiri kwa haki. Hakuwa mtu wa kudanganya juu ya maneno. "Yanapendezesha," alisema.

"Toa."

Akakata. Kalamu ilitoa sauti nyembamba kwenye karatasi, na alikunja uso kana kwamba kapita juu ya msumari.

"Nilichukua hatua ya kutoa taarifa kwa njia iliyo rasmi kwa mamlaka husika."

"Niliandika lebo."

"Ndiyo hivyo."

"Sivyo. Taarifa inaweza kuwa hata mtu kusema mlangoni. Mimi niliandika lebo. Iite jina lake."

Akakata, akaandika. Wakaenda hivyo. "Hivi karibuni" ikawa tarehe kumi na moja. "Jeraha la kiwango kikubwa" likawa kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, mkono wa kushoto. "Mashine ilipata hitilafu" ikakataliwa kabisa. "Hitilafu ni nini?" aliuliza Dobi. "Taa ikizimika ni hitilafu. Bomba lilipasuka. Hamna hitilafu hapo, kuna bomba." Mwalimu alijikuta anacheka bila kupenda. Alijikuta pia anaona kitu alichowafundisha watoto miaka ishirini na miwili bila yeye mwenyewe kukifuata, na hilo halikumchekesha.

Wakafika mahali palipoandikwa kwamba mashine iliwashwa tena.

"Iliwashwa na nani?"

"Haisemi."

"Kwa nini haisemi?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mke wangu, nikisema nani, tunamshtaki mtu. Ana watoto yule."

"Na mimi nina nani? Vikombe?" Sauti yake haikupanda, lakini mama mkwe aliyekuwa mlangoni alisimama. "Mashine haijiwashi. Msimamizi aliiwasha nikimwona. Andika msimamizi."

Akaandika msimamizi.

Kisha akaitazama mistari iliyokatwa. Ilikuwa mingi kuliko iliyobaki. "Wale wote niliowaandikia," alisema polepole. "Fundi bomba. Yule binti wa nesi. Yule mzee wa nyumba ya bluu. Ni wangapi walijibiwa?"

Mkewe alijua jibu. Hata mama mkwe alilijua.

"Ulikuwa unaniona debe tupu," alisema Mwalimu.

"Sikukuona debe tupu. Ndani mlikuwa na kitu siku zote. Ulikivika makoti matano, mtu hakioni." Akamgusa mkono kwa mkono wake mzima. "Mimi najua ulichotaka kuniandikia. Umeniandikia kunipenda. Lakini yule kijana hakuulizwa kama unanipenda."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Alipoivaa tena aliikokota karatasi karibu.

"Tunaanza na nini?" aliuliza. Ni mara ya kwanza katika ndoa yao alimwuliza mkewe swali hilo mbele ya karatasi.

"Kwenye lebo, doa linatangulia. Walisema nimefungua mashine. Waanze na hilo."

"Na radhi?"

Wote wawili walimtazama mama mkwe mlangoni. Bibi yule alikuwa ameshika sufuria tupu. Alitazama bandeji ya mkwewe, pale ilipopakana na kiwiko, penye unyevu wa njano uliotokeza.

"Aombwe radhi yeye," alisema, akaenda zake jikoni.

Ilipofika saa sita walikuwa na mistari saba. Mwalimu alinakili kwenye kisanduku kwa mwandiko wake mzuri, na alipomaliza alisoma kwa sauti, safari hii amekaa:

Sikufungua mashine. Tarehe 11 niliona tundu kwenye bomba la mashine namba mbili. Niliandika lebo, nikaifunga kwenye mpini. Msimamizi alisaini kishina namba 4417 siku hiyo hiyo. Ninacho. Tarehe 12 lebo haikuwapo, na msimamizi aliiwasha mashine. Tarehe 14 bomba lilipasuka, likanichoma mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo.

"Umebaki mstari mmoja," alisema Mwalimu, na macho yake yaliutazama ule mstari mweupe kwa uchu wa mvuta sigara aliyeacha jana.

"Uache mtupu," alisema mkewe.

* * *

Meneja wa makao makuu alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kusomea kwenye kamba shingoni. Alipoingia alikuta kiti kibovu ndicho kilichosogezwa mbele. Alikitazama, akamwambia afisa utumishi alete kingine. Dobi akakaa sawasawa. Mwalimu alikaa nyuma yake karibu na mlango, kwa kuwa msindikizaji haruhusiwi kusema mpaka aulizwe. Alikuwa amevaa koti lake la mahafali.

Meneja alisoma fomu. Haikumchukua dakika. Akairudia kuanzia juu, akaiweka chini, akanyoosha mkono.

"Kishina," alisema.

Dobi alitoa kitabu kwenye mkoba, akakifungua kwenye 4417. Meneja alisoma yale maneno machache yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, akasoma tarehe, akaitazama saini. Kisha akamgeuzia msimamizi kitabu.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini mheshimiwa, mimi nasaini sitini kwa siku. Wakati mwingine sabini."

"Bila kusoma?"

Msimamizi aliinua macho kwenye feni. Feni ilizunguka. Dobi alidhani angefurahi dakika hii ikifika, lakini alichohisi ni uchovu tu, na hamu ya kuvua kiatu.

"Mashine uliiwasha wewe?" aliuliza meneja.

"Kulikuwa na shuka za hospitali, zilitakiwa mchana."

Afisa utumishi alikohoa. Alisema kwa sauti laini kwamba labda jambo hili lina njia nyepesi. Mama ni mfanyakazi wa siku nyingi, hakuna anayetaka kumwumiza. Arudi kazini Jumatatu, matibabu kampuni itaangalia. Ila faili limeshafunguliwa, na faili lazima lifungwe vizuri kwa pande zote mbili. Mstari mmoja umebaki kwenye kisanduku. Aongeze sentensi fupi tu, kwamba anasikitika kwa yaliyotokea. "Fupi," alirudia, "maana naona sasa mama anapenda fupi."

Msimamizi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Meneja alikuwa anatazama saa.

Dobi aliutazama mstari mweupe. Jumatatu. Alifikiria kodi ya nyumba, bandeji, na yule nesi aliyemwambia mkono unahitaji miezi mitatu. Sentensi moja. Watu wamesema zaidi ya hiyo kwa pungufu ya hapo, na hakuna anayeweza kuwacheka.

"Nikiandika ninasikitika," alisema, "mwaka ujao mtu akifungua hili faili atasoma mstari gani kwanza?"

"Mama, hii ni adabu tu," alisema afisa.

Kule nyuma kiti kililia. Afisa aliinua macho, akamwona Mwalimu amesogea mbele, na sura yake ikapata nuru. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa Kiingereza. Unajua maana ya sentensi ya adabu. Hebu mweleze mama."

Mwalimu akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Mkewe hakugeuka, lakini mabega yake yalikaza, kwa kuwa aliijua ile namna ya kusimama, aliijua kwenye harusi na kwenye misiba na kwenye mikutano ya wazazi, na hakuna hotuba iliyoanza vile ikaisha kabla ya nusu saa. Meneja aliishusha miwani kifuani na kujitayarisha.

"No," alisema Mwalimu.

Akakaa.

Walisubiri kinachofuata. Hakikufuata kitu. Dobi alichukua fomu yake, akapiga mstari mmoja mrefu juu ya ule mstari mtupu kama anavyofanya kwenye lebo, ili mtu asije akaongeza neno baada yake, akairudisha mezani kwa meneja.

* * *

Majibu yalikuja siku ya kumi na mbili, kurasa tatu. Mwalimu alizifungua mezani, wao wawili na mama mkwe aliyekuwa amehamisha mboga zake sebuleni ili asipitwe. Alisoma kimya ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Mkewe aliona jasho juu ya mdomo wake.

"Wamesemaje?"

"Subiri, nawavua makoti."

Akachukua kalamu, akaanza kukata. Alikata aya ya kuthamini mchango wa wafanyakazi. Alikata kutoelewana kwa kusikitisha kwa mawasiliano. Alikata kadhalika, aidha, vilevile na sambamba na hayo. Mama mkwe alihesabu mikato kwa kidole mpaka akachoka.

"Rudi kazini Jumatatu," alisema Mwalimu hatimaye. "Matibabu ni yao. Na hapa, ukurasa wa pili, katikati, wamesema bomba la mashine namba mbili lilikuwa na tundu kabla ya tarehe kumi na nne."

"Wamesema kabla?"

"Wamesema kabla."

"Na mengine yote hayo?"

Mwalimu alitazama zile kurasa tatu, nyeusi kwa wino wake. "Wanaona aibu," alisema. "Mimi naijua, mtu anaificha hivyo hivyo."

"Wamekuomba radhi?" aliuliza mama mkwe.

"Hawakuomba."

Bibi akasonya. "Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema, na haikujulikana anamwambia nani.

Jumatatu Dobi aliingia kiwandani kabla ya kengele. Mashine namba mbili ilikuwa pale pale, bomba limefungwa utepe mpya wa bati, fundi amepita lakini hakubadilisha bomba. Wenzake walimsalimia kwa macho, maana msimamizi alikuwa anazunguka. Alikuwa bado msimamizi. Wamempa barua ya onyo, basi. Dobi alivaa aproni kwa mkono mmoja, akafungua kitabu chake kwenye lebo mpya, akanakili kutoka kwenye karatasi ndogo aliyoandikiwa na mumewe ile sentensi ya ukurasa wa pili, neno kwa neno, Kiingereza cha kampuni yenyewe. Akaichana, akaifunga kwa pini kwenye mpini wa mashine.

Kisha akasimama mbele ya msimamizi na kishina kimefunguliwa.

"Saini," alisema.

Msimamizi alitazama kitabu, akatazama wale madobi wengine walioacha kukunja shuka, akatazama mkono uliofungwa. Akatoa kalamu. Kabla haijagusa karatasi aliisimamisha hewani, akainamisha kichwa, na midomo yake ikaanza kusogea, neno moja baada ya jingine, mpaka mwisho.